Karibu Tena, Mheshimiwa

Kuna nchi moja, usihangaike kuitafuta kwenye ramani, kwa sababu waziri wao wa ramani yuko safarini tangu siku aliyoteuliwa. Nchi hiyo ina kila kitu. Sisemi mimi, inasema redio yao. Asubuhi redio inasema maji yapo, mchana inasema umeme upo, jioni inasema dawa zipo kwenye zahanati zote. Ukienda zahanati ukakuta dawa hamna, hiyo ni shida yako, umeenda na macho mabaya.

Bi Zamda alikuwa na macho mabaya. Mtoto wake Tunu, wa darasa la sita, anaumwa kisukari cha utotoni, kile ambacho ukikosa sindano zako hujisikii vibaya tu, unakufa. Bi Zamda alizunguka mji akitafuta sindano mpaka akachoka. Alipochoka akakaa na dada mmoja wa kompyuta anaitwa Hidaya, wakaanzisha kachama kadogo. Kana chumba kimoja nyuma ya banda la fundi cherehani, na kana tovuti inaitwa Dawa Ipo Wapi.

Kazi yake rahisi. Asubuhi Bi Zamda anawapigia manesi wa zahanati zote, anauliza nini kimefika. Hidaya anaandika. Watu wanafungua simu zao, wanajua waelekee wapi. Hakuna siasa humo. Hakuna hata picha.

Mji mzima ukawa unaangalia. Sasa kikatokea kitu. Ikiandikwa asubuhi kwamba sindano za sukari zimefika zahanati ya Bondeni, watu wakifika wanakuta hamna. Nesi anasema lori limekuja kuzichukua, zinakwenda kuhakikiwa, na anawaangalia kwa upole, anawaambia warudi kesho. Zikishahakikiwa hazirudi. Ila mjini kuna duka moja la dawa, la vioo, linaitwa Afya Mtaji, lenyewe halikosi sindano hata siku moja. Bei yake ukiisikia, sukari inapanda yenyewe. Duka ni la nani? Watu walisema la mtu mkubwa. Kwa kuwa nchi ile ina watu wakubwa wengi kuliko wadogo, hiyo haikusaidia.

Tunu akabaki na chupa moja ya dawa ya sindano.

*

Wakati huohuo Waziri wa Afya, Takwimu na Mapokezi, Mheshimiwa Daktari Bungara Masudi, akatoa agizo. Udaktari wake alipewa na chuo ambacho kilifungwa wiki iliyofuata, kwa hiyo hakuna anayeweza kumnyang'anya. Agizo lilisema kila tovuti, hata ya kijiwe cha kahawa, iwe na chombo cha kuhesabu wageni wanaoingia. Tovuti itakayokaa bila mgeni itafungwa, kwa sababu kuongea peke yako ni dalili ya ugonjwa, na serikali haiwezi kuvumilia ugonjwa wakati dawa zipo.

Hidaya akakaa na Bi Zamda kuchagua.

"Vipo viwili," Hidaya akasema. "Kuna hiki kidogo, cha bure. Ni kama mtu amekaa mlangoni kafumba macho, anasikia viatu tu. Atakwambia leo wameingia wengi au wachache, na ukurasa gani umesomwa zaidi. Basi."

"Majina haulizi?"

"Haulizi."

"Na hicho kingine?"

"Kinaitwa Mkaribishaji. Hicho kinauliza mpaka babu yako. Kinajua mtu katoka mtaa gani, katafuta nini, kashawahi kuja au ni mgeni kabisa, na akitoka kaenda wapi."

"Sasa mimi babu wa mtu wa nini, Hidaya? Mimi nataka kujua wanatafuta dawa gani, ili nijue nipige simu wapi kwanza."

"Ndo maana nakwambia hiki kidogo."

"Na yule mama anayetafuta vidonge vya uzazi wa mpango mumewe asijue?"

"Hiki hakimjui yeye wala mumewe."

"Basi tumemaliza. Weka hicho."

Walikuwa hawajamaliza. Nchi ile ukishachagua kitu, lazima uende mbele ya Kamati ya Kuwasaidia Wananchi Kuchagua kwa Hiari.

*

Mwenyekiti wa kamati alikuwa Mheshimiwa Waziri mwenyewe. Katibu alikuwa Bwana Ndauka, shemeji yake. Huyu Ndauka ndiye mwenye kampuni inayouza Mkaribishaji, lakini kwa ajili ya haki, kila Mkaribishaji kilipotajwa alikuwa anatazama dirishani.

"Mmechagua kwa hiari?" Waziri akauliza.

"Ndiyo, Mheshimiwa. Tumechagua hiki kidogo," Bi Zamda akasema.

Waziri akavua miwani. Akaifuta. Akaivaa tena, ili awaone vizuri watu waliochagua vibaya.

"Mama yangu," akasema, "mgeni akija kwako unamfanyaje?"

"Namkaribisha."

"Unamkaribisha bila kumjua jina? Bila kumuuliza habari za huko atokako, watoto hawajambo, kilichomleta ni nini?"

"Namuuliza, Mheshimiwa, lakini yule kaja nyumbani. Huyu kaja kuangalia dawa."

"Hapo ndipo tulipofika kama taifa," Waziri akasema, na wajumbe wote wakaandika, ingawa hakuna aliyejua wanaandika nini. "Mtu anaingia kwenye tovuti ya nchi hii kama mbuzi anavyoingia shambani. Hakuna aliyemwambia karibu. Hakuna aliyemtaja cheo. Hatukulelewa hivyo. Chombo kisichomjua mgeni ni chombo kisicho na adabu. Ndauka, tunacho chenye adabu?"

"Kuna kimoja nimewahi kukisikia," Ndauka akasema, akiangalia dirishani.

"Haya, mama. Chagueni tena. Kwa hiari."

Wakachagua tena. Safari hii walichagua vizuri sana, kamati ikawapigia makofi.

*

Mkaribishaji kikaja na mafundi, na mafundi wakaja na kipaza sauti. Hicho kipaza Hidaya hakuwa ameambiwa habari zake. Kilikuwa kikubwa kama sufuria la pilau la harusi, na wakakifunga juu ya nguzo katikati ya soko, kwa sababu agizo linasema mgeni anakaribishwa kwa sauti.

Ukitaka kufungua Dawa Ipo Wapi, unaandika namba yako ya uraia. Ukishaandika tu, kule sokoni sauti ya kike, nzuri, ya polepole, inaanza:

"Karibu Bi Mtumwa Hamadi wa mtaa wa Gereji. Leo umekuja kutafuta dawa ya minyoo. Habari za huko? Jisikie nyumbani."

Bi Mtumwa mwenyewe wakati huo alikuwa hapohapo sokoni, anauza vitumbua. Wateja waliokuwa wameshika vitumbua wakavirudisha taratibu kwenye sinia. Kila mtu alikumbuka ghafla kwamba ana safari.

Mchana akakaribishwa mwalimu wa nidhamu, kaja kutafuta dawa ya fangasi, na sauti ikasema wa sehemu gani. Jioni akakaribishwa bwana harusi mtarajiwa, akitafuta kitu ambacho wazee walisikia wakatazama chini, na vijana wakakiimba mpaka harusi ikasogezwa mbele, ikasogezwa tena, mpaka mahari ikarudishwa. Kuna mama mmoja alikaribishwa kwa vidonge vya uzazi. Mumewe alikuwa anacheza bao umbali wa hatua chache. Huyo mama alilala kwa dada yake siku hiyo, na hajarudi.

Bi Zamda alienda kwake kuomba msamaha. Yule mama alimsikiliza yote, kisha akamwambia, "Mimi nilikuamini wewe. Sikuamini serikali, nilikuamini wewe."

Bi Zamda akarudi chumbani kwao nyuma ya fundi cherehani, akakaa. Hakulia. Hidaya anasema siku ile alimwogopa.

Watu wakaacha kufungua. Soko likawa kimya, kipaza kimekaa juu kama kichwa cha mtu anayesubiri umbea. Ikaja barua kutoka wizarani: imebainika tovuti yenu haina wageni, kwa hiyo haina faida kwa umma, kwa hiyo Ijumaa itafungwa. Hongereni kwa ushirikiano.

Na chupa ya Tunu ilikuwa imefika chini, unaitikisa unasikia hewa.

*

"Mgeni mmoja bado anakuja," Hidaya akasema siku hiyo, macho kwenye kompyuta.

"Nani? Mbona kipaza hakisemi?"

"Ndo nashangaa. Anaingia kila asubuhi, mara tu nikishaandika. Lakini kuna sehemu humu Ndauka kaiweka, inaitwa Wasiotajwa. Ukiwekwa humo, unaingia kimya. Kipaza hakikutaji na kwenye hesabu haumo."

"Wamewekwa wangapi?"

"Mmoja." Akageuza kompyuta. Jina lilikuwa refu, lilianza na Mheshimiwa likapita Daktari, likaisha na Masudi.

Bi Zamda akasogeza kiti. "Anatafuta nini kwetu?"

"Sindano za sukari."

"Ana sukari yule?"

"Hana, bi mkubwa. Ana duka."

Fundi cherehani upande wa pili alikuwa anapiga mshono, ukasikika mpaka mwisho.

"Anafungua kwanza zahanati iliyopata," Hidaya akaendelea. "Halafu anafungua ramani ya njia. Akitoka kwetu anakwenda moja kwa moja tovuti ya Afya Mtaji, kubadilisha bei. Kila siku. Tangu tuanze, sisi ndio tunamwonyesha lori liende wapi."

"Mtoe humo."

"Siwezi. Anatoka kwa idhini yake mwenyewe. Na tukisema nje, nani atatuamini? Watasema wivu."

"Kipaza wanakiamini?"

"Kipaza kila mtu anakiamini. Kimeshawavua nguo wote, hakijawahi kusema uongo."

Bi Zamda akachukua kanga yake nzuri, ile ya kwendea misibani.

*

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba, mama. Kama ni habari ya Ijumaa, barua imeshatoka."

"Ijumaa nimeikubali, baba. Nimekuja kwa jambo lingine. Nimekuja kuomba radhi, nina aibu mpaka sijui nianze vipi."

Waziri akaweka kalamu chini. Watu wakubwa wanapenda sana kuombwa radhi, wengine wanaacha hata chakula.

"Kipaza kimemkaribisha muuza vitumbua," Bi Zamda akasema. "Kimemkaribisha mwalimu. Kimemkaribisha mpaka kichaa wa stendi, alichukua simu ya watu. Lakini wewe, baba wa chombo chenyewe, hakijawahi kukutaja. Sokoni wameanza kusema."

"Wanasema nini?"

"Naogopa."

"Sema, mama."

"Wanasema labda kipaza hakikujui."

Waziri akasimama. Akaita, "Ndauka!" na Ndauka akaingia upesi sana, kama mtu aliyekuwa ameegemea mlango.

"Kipaza hakinijui?"

"Kinakujua, shemeji, kinakujua sana. Ila nilikuweka ile sehemu ya..." Akamwangalia Bi Zamda. "Tuongee pembeni kidogo."

"Tuongee hapahapa. Umeniweka wapi?"

"Kwa wasiotajwa."

"Mimi?" Waziri akajishika kifua. "Kichaa wa stendi anatajwa, mimi sitajwi?"

"Shemeji, ilikuwa kwa faida yako. Kile chombo kina mambo yake. Kinakumbuka."

"Na kikumbuke. Mimi ni mtu wa kukumbukwa."

"Kinakumbuka vyote, shemeji."

"Vyeo vyote?"

Ndauka akafungua mdomo. Akamwangalia Bi Zamda, aliyekuwa amekaa na kanga yake mikono mapajani, mpole kama mtu wa swala. Akaufunga.

"Ijumaa," Waziri akasema, "kabla hatujafunga hiyo tovuti, nitakuja sokoni mwenyewe. Nitaifungua mbele ya wananchi, nikaribishwe kama inavyostahili, halafu ndiyo nitaifunga. Nitafungua ukurasa wa mbele tu, kipaza kitasema nimekuja kukagua. Andika idhini."

Ndauka akaandika. Waziri akasaini kwa wino wa kijani. Bi Zamda akashukuru, akatoka kinyumenyume, kwa adabu.

*

Ijumaa soko lilijaa. Bendi ikapiga. Itifaki ikazingatiwa, na kuzingatia kwenyewe kulichukua nusu ya asubuhi. Tunu alikuwa amekaa kwenye kigoda cha muuza nyanya, midomo imemkauka, anaomba maji kila mara. Usiku uliopita chupa ilikuwa imekwisha, na asubuhi Bi Zamda alikuwa amepiga simu: sindano zimefika zahanati ya Gongoni, ila nesi amekatazwa kufungua boksi kabla halijahakikiwa, na mtu mmoja hazuii lori. Hidaya akaandika.

Waziri akasimama jukwaani. Akasema nchi ina dawa. Akasema wanaosema hakuna ni wavivu wa kutembea. Akasema leo atawaonyesha maana ya mapokezi. Akatoa simu, akaandika namba yake, akainua kidevu kumwelekea mpiga picha.

Kipaza kikakohoa kidogo.

"Karibu tena," ikasema ile sauti nzuri, "Mheshimiwa Daktari Bungara Masudi, Waziri wa Afya, Takwimu na Mapokezi, Mlezi wa Vikundi vya Ngoma, Mshindi wa Tuzo ya Ukarimu aliyoianzisha mwenyewe."

Watu wakapiga makofi. Waziri akatabasamu.

"Wewe ndiye mgeni wetu anayerudi kuliko wote," sauti ikaendelea. "Tumekuzoea. Kila asubuhi unakuja kutafuta sindano za sukari. Jana uliziona Bondeni, ukaangalia ramani ya njia ya lori. Juzi uliziona Mlimani, ukaangalia ramani ya njia ya lori. Leo, kabla hujaja hapa, uliziona Gongoni. Ukitoka kwetu huwa unapitia dukani kwako, Afya Mtaji, unapandisha bei. Habari za huko? Jisikie nyumbani."

Makofi yaliisha moja moja, kama mvua inavyokata. Mpiga tarumbeta alibaki na pumzi mashavuni.

"Zima," Waziri akamwambia Ndauka huku ameuma meno.

"Hakizimwi, shemeji. Agizo lako linasema ni kosa mgeni kukatizwa."

Waziri akaanza kubonyeza simu mwenyewe ili aifunge. Kila akibonyeza ukurasa unafunguka upya, na kila ukifunguka upya anahesabiwa mgeni upya.

"Karibu tena, Mheshimiwa Daktari Bungara Masudi..."

Akabonyeza.

"Karibu tena, Mheshimiwa Daktari..."

"Mwacheni abonyeze," akasema Bi Mtumwa wa vitumbua, kakunja mikono. "Mimi nilikaribishwa mara moja tu. Yeye mheshimiwa, apewe ya kutosha."

Wengine wakatoa simu zao, wakaandika namba zao, kwa furaha, bila aibu yoyote. Karibu Fulani wa fangasi. Karibu Fulani wa bawasiri. Hakuna aliyecheka. Wakikaribishwa walikuwa wanapunga mkono, wakimwangalia Waziri. Mpaka adhuhuri tovuti ile ilikuwa na wageni kuliko tovuti zote za nchi, na kisheria haikufungika tena.

Lakini Bi Zamda hakuwepo kusikia. Sauti ilipotaja Gongoni tu, alikuwa ameshambeba mtoto mgongoni, na nusu ya soko nyuma yake.

*

Walilikuta lori limeshafika, dereva anapakia boksi la kwanza.

"Weka chini," Bi Zamda akasema.

"Mama, mimi nimetumwa tu."

"Najua. Na mimi nakutuma. Weka chini, baba."

Dereva akawaangalia waliokuwa nyuma ya Bi Zamda. Akaweka chini, akafuta mpaka vumbi la boksi. Nesi akamchoma Tunu sindano palepale barazani, akakaa naye akimpa maji mpaka macho yakaanza kutulia. Halafu dereva, bila kuulizwa, akasema Afya Mtaji ina stoo nyuma na yeye anajua ufunguo unawekwa wapi. Wakapanda lori lake. Lilikwenda Afya Mtaji tupu likarudi limejaa, likapita zahanati moja baada ya nyingine, njia zilezile, kinyume.

Serikali ya nchi ile ilichukia sana wizi, hasa ukijulikana. Mheshimiwa akaondolewa kazini siku hiyohiyo. Mrithi wake akatangaza kwamba dawa zipo zahanati zote, na kwa mara ya kwanza redio ikawa imebahatisha.

Sasa agizo la mapokezi, Hidaya alipolisoma mpaka mwisho, lilikuwa linasema mwenye tovuti ndiye mwenye kipaza, anamweka amtakaye kwenye Wasiotajwa. Hidaya akakaa wiki nzima akiwahamishia huko watu wote wa nchi: muuza vitumbua, mwalimu, bwana harusi, yule mama wa vidonge. Wote wakaingia kimya. Kuhesabu, akaweka kile chombo kidogo kinachosikia viatu tu.

"Limebaki jina moja," akasema. "Nalo nilihamishe, tushushe kipaza?"

"Hilo liache," Bi Zamda akasema.

Likaachwa. Na yule bwana hawezi kujizuia. Kila akikaa peke yake anataka kujua kama tovuti imeandika kitu juu yake, anafungua, na huko sokoni sauti inaanza, tulivu, na vyeo vyote ambavyo hana tena. Watoto wanaizoea. Wengine wameanza kuhesabia nayo vipindi vya kuruka kamba.

Majuzi alimtuma Ndauka. Ndauka akaja na mfuko wa machungwa, akakaa ukingoni mwa kiti.

"Bi Zamda, shemeji yangu anaumia. Halali. Anaomba msamaha, na anaomba jina lake litolewe. Yuko nje hapo kwenye gari, anaona aibu kuingia."

Bi Zamda alikuwa kwenye simu na nesi wa Mlimani. Akamaliza kuongea naye, akamwandikia Hidaya kilichofika, akampa Tunu chungwa moja. Halafu ndiyo akamgeukia.

"Mwambie tumemsikia," akasema. "Mwambie anayehusika katoka kidogo. Aje kesho."

"Na kesho akija?"

"Mwangalie usoni, kwa upole, kama manesi walivyokuwa wanatuangalia sisi. Umwambie aje keshokutwa."